Mizabibu ya Mwalimu Kule Lumemo

Kwenye harusi ya mdogo wangu, MC alipotangaza kwamba umefika wakati wa kufungua shampeni, muziki ulipandishwa na mpambe wa bwana harusi akaja mbele akicheza. Alikuwa ameinua chupa juu ya kichwa, anaitikisa kwa mikono miwili kama mtu anayetikisa kibuyu cha maziwa. Ukumbi mzima ulikuwa vigelegele. Ndipo Mwalimu akainuka kwenye meza ya majirani, akapita katikati ya wanaocheza bila kuomba njia, akamnyang'anya yule kijana chupa.

"Mwanangu," alimwambia, na kwa kuwa MC alikuwa amesogeza kipaza sauti tulisikia wote, "huyu amelala kwangu zaidi ya mwaka. Unamwamsha kwa fujo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliiweka chupa mezani mbele ya maharusi, akaisubiri itulie huku muziki ukirudiarudia palepale, kisha akaizungushia kitambaa shingoni, akalegeza waya, akakishika kizibo na kuizungusha chupa polepole. Ilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. MC, ambaye alikuwa amewaahidi watu mshindo, ikabidi aupige mwenyewe kwa mdomo: "Paaa!" Mdogo wangu alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Picha ya harusi anayoipenda kuliko zote ni ile: yeye anacheka, bwana harusi ameshika glasi, na katikati yao Mwalimu amekunja uso akiyatazama mapovu yanavyopanda.

Nilimfahamu miaka mingi. Chumba changu cha ushonaji kilipakana na ua wake kule Lumemo, pembeni mwa mji wa Ifakara, na kati yetu palikuwa na uzio wa mabanzi ambao ulikuwa na mianya mikubwa kuliko mabanzi yenyewe. Alifundisha kemia sekondari, na watu wote, hata waliomzidi umri, walimwita Mwalimu. Ukimuuliza kwao alijibu "Idete" na kunyamaza, kama vile umeshapewa kila kitu. Alikuwa mrefu, shingo imetangulia mbele, na suruali zake zote nilizishona mimi kwa sharti moja: mfuko wa kulia uwe na kina cha kuingiza mkasi wa kupogolea.

Kwa asiyelijua bonde letu, huku ni nchi ya mpunga. Masika yakikolea mashamba ya Idete huwa maji matupu, na mto Lumemo ukifura hautafuti njia, unapita hata jikoni kwa mtu. Zabibu ni za Dodoma, kwenye ukavu. Huku jani la mzabibu likishinda limelowa siku chache linaota ubwiriunga, ule ukungu mweupe, utadhani limepakwa unga wa sembe. Bwana shamba alimwambia. Majirani walimwambia. Mkewe alimwambia kuliko wote. Yeye akajaza udongo nyuma ya nyumba kwa mikokoteni mpaka likatokea tuta lililopita kimo cha kibaraza changu, akasimamisha nguzo, akavuta nyaya, akapanda.

Na mwishowe hakutaka tena mvinyo wa kawaida. Alitaka ule wenye mapovu, uliotengenezwa kwa njia ya zamani, ambao mapovu yake yanazaliwa ndani ya chupa. Alinieleza mara nyingi mpaka ningeweza kumfundisha mtu. Kwanza unakamua zabibu na kuiacha juisi ichachuke kwenye pipa mpaka itulie na kuwa mvinyo. Halafu unautia kwenye chupa nene, unaongeza sukari kidogo na hamira kidogo, unafunga kwa kizibo cha bati kama cha soda. Hamira inaamka upya, inakula ile sukari, inatoa hewa, na hewa ikikosa pa kutokea inajificha ndani ya mvinyo. "Inajificha," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama anamtaja mtu anayetafutwa.

Wanafunzi walimwogopa ingawa hakuwahi kushika fimbo. Alikuwa na ulimi. Mwanafunzi akipata alama mbaya alimrudishia karatasi na kusema, "Wewe hujafeli. Hujachachuka bado." Nimewasikia watu wazima wenye kazi zao wakiambiana maneno hayo sokoni. Aliwafundisha kwamba mvua haina hasira wala huruma, ni mvuke tu uliopoa. Lakini wingu likijitokeza mwezi wa nane, zabibu zikiwa karibu, nilimwona kwa macho yangu amesimama uani na fulana, ananyoosha mkono. "Nenda Mahenge," aliliambia wingu. "Huko wanakungoja. Hapa hatujakuita."

Kanisani alisinzia wakati wa mahubiri, na baada ya misa alimfuata padri kumsahihisha. Kipande cha waya kikipotea aliweza kugombana na mtaa mzima, na jioni ya siku hiyohiyo akapita nyumba kwa nyumba na sinia la zabibu za kula, akiwawekea hata wale aliogombana nao. Asubuhi baada ya kila harusi alizungukia kumbi na nyumba za wageni za Ifakara akiulizia chupa za shampeni zilizomalizwa. "Marehemu wako wapi?" aliwauliza wahudumu, nao wakamwonyesha. Chupa za bia hazikumfaa maana haziwezi kuvumilia nguvu ya mapovu. Hizo nene alizipeleka nyumbani, akaziosha, akaigonga kila moja kwa kijiko huku amesogeza sikio. Iliyolia vibaya aliitenga.

Nyumba ya kulaza chupa ilimsumbua sana. Kwingine huchimba shimo, lakini Ifakara ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Akajenga kijumba cha udongo chenye kuta mbili na makuti juu, mlango umelipa jua kisogo, na ndani akatundika magunia mabichi. Mle chupa zililala miezi mingi. Zikikaribia kuwa tayari alizihamishia kwenye mbao zenye matundu, zikakaa zimeinamisha shingo, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliingia kuzizungusha, kila moja kidogo tu, ili machicha ya hamira yateremke taratibu mpaka kwenye kizibo. Nikiwa nafungua duka langu nilisikia zile chupa zikigusana na ubao. Alikuwa anaongea nazo. Sikuwahi kusikia anasema nini.

Machicha yakishafika shingoni alikwenda kwa wauza samaki kuomba barafu. Alirudi na ndoo inayonuka kambale na perege, akamwagia chumvi juu ya barafu, akatumbukiza shingo za chupa humo kichwa chini. Machicha yaliganda. Hapo aliiinua chupa, akafungua kizibo, na nguvu ya mapovu ikatema lile donge la barafu lenye uchafu wote. Kilichobaki ndani kilikuwa kinang'aa. Alijazia pale palipopungua, akafunga tena. Kazi hiyo aliifanya amevaa aproni ya maabara yenye matundu ya tindikali, na siku hizo alikuwa na furaha kiasi kwamba alipiga mluzi, jambo alilotukataza sisi wengine karibu na kijumba. Alidai mluzi unawashtua waliolala mle. Mtu wa kemia!

Zabibu zilichumwa alfajiri, kabla jua halijazipasha moto. Aliita majirani na akina mama wa kwaya, akatugawia mikasi. Nilikuwa nimeshona vifuko kutokana na vyandarua vilivyochakaa, maana kila nyumba huku ina chandarua, na kila shada la zabibu lilivikwa kifuko chake kuwazuia popo na ndege. Tulivifungua kimoja kimoja kama tunavua watoto nguo. "Kata, msivute!" ndilo neno tulilosikia asubuhi nzima. Kwaya wakiimba wimbo wa haraka aliwasimamisha. "Imbeni ule wa majonzi," alisema. "Huo wa mbio unawafanya mvute." Basi tulichuma zabibu kwa nyimbo za Kwaresima katikati ya kiangazi.

Wageni walishangaa anachuma zikiwa hazijawa tamu sawasawa. Ukweli ni kwamba kwetu hazikupata kuwa tamu. Miaka ya mwanzo alijaribu mvinyo wa kawaida ukatoka kama siki iliyokosa ujasiri. Alikuja kusoma mahali kwamba mvinyo wa mapovu unataka zabibu ya namna hiyohiyo, inayouma ulimi kidogo. Aliponieleza hilo alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, uso umeingia kwenye mwanya. "Unaona? Kosa la bonde siyo kosa. Ni mimi nilikuwa nauliza swali lisilo lake."

Mkewe tulimwita Mama. Alikuwa Mgogo, mfupi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na alizaliwa kwenye shamba la mizabibu. Utoto wake wote aliumalizia humo, kuchuma, kubeba, kunyunyizia salfa mpaka macho yanawasha, huku wenzake wako shule. Zabibu alizichukia kama mtu anavyomchukia mnyapara. Alipenda mpunga. Alipenda kusimama kwenye jaruba na matope yamefika magotini, akiamia ndege kwa kupiga debe. Msimu wa kuvuna zabibu alifunga mlango wa mbele na kuwasha redio.

"Mimi nilikimbia zabibu," aliniambia. "Nikasema niolewe na mtu wa mpunga, nipumzike. Sasa huyu mtu wa mpunga ananiletea zabibu mpaka dirishani."

Nilidhani ni mume mkaidi tu anayemfanyia mkewe makusudi. Siku moja nikiwa nampima suruali, Mwalimu mwenyewe akanieleza. Alikwenda kuposa Dodoma akiwa kijana, mwalimu mpya. Baba mkwe alimtazama miguu, kisha akasema watu wa bondeni wanaishi na maji kama vyura, na binti yake hajawahi hata kuona mto uliojaa. Siku ya kumchukua bibi harusi mzee alikata vipando vya mzabibu, akavifunga ndani ya gunia bichi, akampa. "Hivi vikikubali kuishi kwako nitalala usingizi," alisema. "Vikifa nitajua na mwanangu anateseka."

"Vya kwanza vilikufa," Mwalimu aliniambia, mikono ameinyoosha nimpime. "Mafuriko. Vya pili nilivichukua kwa siri kwa jirani yake, navyo vikafa. Kila tukienda kule ananiuliza. Namjibu, vinajitahidi."

"Na Mama anajua?"

"Anajua alinipa vijiti. Hajui alisema nini."

Mzee alifariki kabla ya kuonja chochote kutoka Lumemo. Wakati huo mizabibu ya awamu ya tatu, ile ya kwenye tuta, ilikuwa imeshakubali.

Ile siku mbaya ilikuwa mwezi wa kumi na moja, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata kuku hukaa mdomo wazi. Mwalimu alikuwa ameamkia Idete kuandaa shamba. Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia mlipuko, nikadhani transfoma. Ukafuata mwingine, halafu mingi kwa pamoja, na kilio. Chupa moja ikipasuka kwa nguvu ya mapovu vipande vyake huzipiga za jirani, nazo huondoka zote. Nilipofika Mama alikuwa amekaa kizingitini pa kijumba, mikono usoni, jembe liko kando. Lile jembe alikuwa analiweka humo kwa sababu ya kivuli. Alikuwa ameingia kulichukua.

"Usiniguse," aliniambia kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. "Nina chupa mwilini."

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Mwalimu nilimpigia simu mara nyingi ndipo ikashika. Alikuja kwa pikipiki, matope yamefika magotini, akasimama mlangoni pa wodi, akashindwa kuingia. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba jicho moja halitapona. Mwalimu hakumuuliza daktari. Aliniuliza mimi.

"Lipi?"

"La kushoto, Mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa jibu baada ya kukosa.

Kesho yake alizifungua chupa zote zilizobaki. Alizitoa uani, moja moja, akang'oa vizibo, na mvinyo ukaruka juu na kumwagika. Hakufunika chochote. Nilimpigia kelele kupitia uzio, "Mwalimu, funika uso! Mwalimu, jamani!" Aliendelea. Nilielewa kwamba anazingoja. Hakuna iliyompasukia. Mtaa wetu ulinuka hamira kwa muda mrefu, watoto wakiuliza nani anachoma mikate.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Alistaafu, na wala hakuaga shuleni. Mizabibu ilijiotea ovyo, ikapanda juu ya kijumba, popo wakala kila kilichozaa. Yeye alishinda nyumbani. Alipika, alifua, alichota maji. Mama alipoanza kujizoeza kumimina chai kwa jicho moja na kukikosa kikombe, yeye alifuta meza bila neno. Alitenda kila alichoambiwa na hakutenda kingine. Watu walimsifu. Mama hakumsifu.

"Nilikuwa na mume," aliniambia siku moja akinong'ona uzioni. "Sasa nimebaki na mfanyakazi wa ndani. Hanigombezi. Hata nikiunguza wali anakula anasema asante. Mwanangu, nitakufa kwa upole huu."

Kiangazi kikapita, na kingine kikapita. Masika yalipokuwa yanakatika, asubuhi moja, nilisikia mkasi upande wa pili. Nilichungulia. Ni Mama. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, amesimama kwenye lile tuta, anakata mizabibu. Na anakata vibaya. Alikuwa anafyeka matawi makubwa kwenye shina, yale ya kuzalia, akiyarusha nyuma bila kutazama.

Mwalimu alitoka ndani na taulo la vyombo begani.

"Unafanya nini?"

"Nakata kuni."

Akafyeka jingine. Nilimwona Mwalimu akifumba macho.

"Hilo lilikuwa la kuzaa," alisema.

"Mimi sioni vizuri. Nina jicho moja."

"Mama..."

"Jicho langu limelipia hii mizabibu," Mama alisema, na sauti yake sasa ilifika barabarani. "Limekwisha kulipia. Halafu wewe unaniachia popo wale? Nimetoa jicho ili popo washibe?"

Akashika shina kabisa, lile nene kuliko yote, akaingiza mkasi.

"Utaua!" Mwalimu alipiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti tangu siku ile ya hospitali. Alipanda tuta kwa hatua ndefu, taulo likaanguka, akaushika mkono wa mkewe. "Utaua, mwanamke! Siyo hapo! Unahesabu macho ya tawi, unaacha, ndiyo unakata! Nani amekufundisha kukata hivyo?"

"Basi kata wewe."

Alimwachia mkasi mkononi, akateremka, akaja mpaka uzioni kwangu huku anapangusa jasho. Nyuma yake Mwalimu alisimama kitambo akiutazama ule mkasi. Kisha akainama kwenye tawi.

"Mama," nilimnong'oneza, "wewe si umezaliwa kwenye mizabibu? Kweli hujui kupogoa?"

 Alikuwa anatabasamu upande wa jicho zima, na machozi yanamtoka macho yote mawili.

Kuanzia hapo nilishona makoti mawili ya turubai yenye blanketi ndani, kola ndefu, mikono imepita vidole. Mwalimu alipata ngao za uso za mafundi wa kuchomelea vyuma. Wakiingia kijumbani walionekana kama watu wanaokwenda kurina asali ya nyuki wakali. Sukari ya chupani aliipunguza sana, chupa yoyote iliyomtia shaka aliivunja, na mlango wa kijumba ukapata kufuli. Mapovu yake yakawa machache na laini kuliko ya zamani, na kuna waliosema mvinyo umeharibika. Aliwajibu kwamba mvinyo umekuwa na adabu. Aliendelea kugombana na mtaa kuhusu waya. Mama akaunguza wali, tukasikia Mwalimu akilalamika mpaka kwangu, na Mama anamjibu kwa furaha.

Lakini Mama hakuzipenda zabibu. Asifikiri mtu kwamba alizipenda. Alifanya kazi zote za kijumba kwa uso uleule wa mtu anayelisha ng'ombe wa mwingine.

Mimi niliolewa Kiberege, nikahamisha cherehani, na Lumemo nikawa nakwenda kwa nadra. Mwaka jana mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ikiwa bado ipo, nilipita kuwasalimu. Nilimkuta Mwalimu kwenye kiti cha kamba uani, amekonda, shingo imetangulia zaidi. Chupa zilikuwa zimeshatolewa machicha, zimepangwa mezani, zinangoja kujaziwa na kufungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kiberege kuna chakula." Akanisogezea kigoda. "Umekuta msiba. Nimekatazwa."

"Umekatazwa nini?"

"Kisukari. Yule binti wa kliniki nilimfundisha mwenyewe, na sasa amenikataza hata tone." Alinyoosha kidole kwenye chupa. "Kabla ya kufunga lazima uonje, ujue kila chupa utaitia sukari kiasi gani, au usitie kabisa. Sasa nitaonja kwa masikio?"

Alimtazama mkewe aliyekuwa anapeta mchele kibarazani. Alimtazama muda mrefu.

"Mama, njoo."

"Sinywi hivyo vitu, unajua."

"Najua. Njoo."

Alikuja na ungo wake, akauweka chini. Mwalimu alikuwa amemimina glasi tatu ndogo, ya kwanza haina sukari, nyingine ina kidogo, nyingine imezidi. Mimi niliambiwa ninyamaze. Mama alishika ya mwisho akaigusa kwa ulimi, akakunja uso. "Hii soda." Ya katikati aliionja, akatikisa bega. Akachukua ile isiyo na sukari, akanywa funda, akakaa nalo mdomoni. Nilidhani atatema. Alimeza.

 Alitazama mizabibu, akanywa tena.

"Hii," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Hii."

"Inafananaje?" Mwalimu alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Nilijua hakuuliza kwa ajili ya sukari tena. Alitaka kuuonja mvinyo kupitia kinywa cha mkewe. "Niambie, Mama. Ikoje?"

Mama alifikiri. Jicho lake lilikuwa mbali.

"Kule nyumbani," alisema, "tulikuwa tunaamshwa jua bado. Baridi ya Dodoma unaijua. Baba anatangulia na taa, sisi nyuma. Zabibu unazishika ni za baridi mpaka vidole vinauma. Unaiba moja, unaitia mdomoni haraka asione." Akatazama ndani ya glasi. "Ile ya kuiba. Ndiyo hii."

Mwalimu alishusha macho. Nilimwona akiupitisha mkono kwenye meza kana kwamba kuna kitu kimemwagika.

"Baba yako," alianza, "siku ile aliponipa vile vijiti, alisema..."

"Najua alichosema," Mama alisema. "Aliniambia mimi kabla hajakwambia wewe. Alisema nikiona vinakufa nirudi nyumbani."

Mwalimu alimtazama mkewe.

"Vilikufa," alisema. "Mara mbili."

"Niliviona."

 Ng'ambo ya uzio, kwenye chumba kilichokuwa changu, mtu alikuwa anachana mbao. Mama aliinua ungo wake na kuuweka mapajani, lakini hakuanza kupeta.

"Usinitazame hivyo mbele ya mgeni," alimwambia. "Zinapoteza mapovu hizo. Funga."

Mwalimu aliichukua chupa kwa mikono miwili, na badala ya kuifunga akaisogeza upande wa mkewe.

"Nikuongeze?"

Mama akanyoosha glasi.